Siku Nilipomsema Bibi kwenye Mdahalo

Juma lililopita nilimgongea mtoto wa watu kengele kabla ya wakati wake. Ninafundisha sekondari hapa Kilwa Masoko, na kila Alhamisi baada ya vipindi huwa tuna mdahalo, mimi nikiwa ndiye mlezi wake. Hoja ya siku hiyo ilikuwa ile isiyokufa, kwamba shule ya bweni ni bora kuliko shule ya kutwa. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, mwenye sauti ya kufika sokoni, alikuwa amekwisha kuwateka wenzake. Kisha akasema, "Ndugu mwenyekiti, nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Mama yangu mimi..." Nikanyoosha mkono nikaigonga kengele. Mtunza muda akanitazama, maana kengele ni kazi yake na dakika zilikuwa bado. Msichana akakaa chini amevimba, wenzake wakaguna, na walikuwa na haki ya kuguna. Baadaye nilimwita nikamwomba radhi, lakini sababu sikumwambia. Ni ndefu, na inaanzia mbali na hapa, kwenye kijiji cha wakulima wa korosho upande wa Kilangala, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama. Kaa basi nikusimulie wewe.

Mimi ni kifungua mimba. Mama alipoolewa mara ya pili, upande wa Mtwara, aliniacha kwa Bibi, na hakuna aliyeona ajabu, maana kwetu mtoto wa kwanza ni wa bibi hata kama hakuna aliyeandika popote. Nyumba ilikuwa ya udongo, paa la makuti, na uwanja uliofagiliwa hadi ukang'aa. Ukiniuliza asubuhi ina sauti gani, nitakwambia ina sauti ya ufagio wa chelewa na kikohozi cha Bibi akimaliza kuswali. Uji wa mtama ulichemka taratibu kwenye mafiga, na harufu yake ilichanganyika na harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho, kali na tamu kwa pamoja. Hadi leo nikiisikia mahali, njaa inaniuma.

Msimu wa korosho ndio uliokuwa msimu wenyewe. Tuliokota, tukang'oa korosho kwenye mabibo, tukazianika kwenye jamvi, na jioni Bibi akakaa kuzichambua. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Korosho mbovu aliijua kwa kuigusa, akaitupa pembeni huku akiendelea na maneno yake. Mvua ikinyesha tulichimba ming'oko, viazi vya porini, tukaichemsha kwa chumvi, tukaila kwa vidole vyenye udongo. Kisamvu nilitwanga mimi, na nikitwanga vibaya niliambiwa.

Nilivyoambiwa sasa. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, wana ruhusa ya kutupiana maneno ambayo mama na mwanawe hawawezi kuambiana. Babu alikuwa amekwisha kufariki, lakini Bibi aliniita mke mwenzangu kana kwamba mzee yuko chumbani anatusubiri. Nikipika ugali ukawa na madonge, alisema amekwisha kujua kwa nini mume wetu alikufa mapema. Nami nilimjibu kuwa marehemu alikufa kwa kuchoka kusikiliza. Jirani akipita akatusikia, hakushangaa. Angeshangaa siku atukute tunaheshimiana.

Katika utani wetu kulikuwa na jambo moja lisilo la utani. Macho ya Bibi yalikuwa yanakwenda. Sikumbuki nililijua lini, nakumbuka tu kwamba kabla ya darasa la tano nilikuwa nimekwisha kuizoea kazi yangu. Nilimtungia uzi kwenye sindano. Njiani nilitangulia nikiburuza ndala ili afuate sauti, na mtu akitokea mbele nilimwamkia haraka kwa cheo chake, "Shikamoo mwalimu," "Shikamoo jirani," ili Bibi ajue ni nani na ajibu salamu kwa jina. Ndani ya nyumba hakuhitaji msaada. Alijua kata iko wapi, chumvi iko wapi, na kutoka mlangoni hadi kisimani alikwenda na ndoo kichwani bila kujikwaa, kwa sababu njia ile aliikanyaga tangu akiwa bibi harusi. Hatukuwahi kukaa tukalizungumza jambo hili. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Ilikuwa siri kwa sababu ya Mjomba. Mjomba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Lindi mjini, na kwa watu wetu mjomba akisema jambo la ukoo, limesemwa. Alimpenda mama yake, sitaki umfikirie vibaya. Kila alipokuja na mafurushi yake ya sukari na sabuni alimwambia mama yake ahamie mjini apumzike. Bibi alimjibu kila mara kwamba atahamia mjini siku atakayoshindwa kujihudumia nyumbani kwake. Mjomba aliridhika na jibu lile kwa sababu hakujua, na Bibi alilitoa kwa sababu alijua kuwa mimi nipo. Nyumba ile, mikorosho ile na njia ile ya kisimani vilisimama juu ya ukimya wangu. Mtoto wa darasa la saba alikuwa amebeba nyumba, na hakuona kuwa ni mzigo.

Siku moja mbuzi wa jirani aliingiza kichwa mlangoni. Bibi alikuwa anachambua korosho, akaona kivuli tu, akasema kwa adabu zote, "Karibu ndani, mbona umesimama mlangoni?" Mbuzi akalia. Nilicheka hadi nikalala chini. Bibi naye alipoelewa alicheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga, akasema afadhali yule ameitikia salamu, kuna mtu humu ndani akikaribishwa huwa hasemi hata ahsante. Kwa majuma mengi baadaye, mmoja wetu akiingia, mwingine alimkaribisha kwa sauti ile ile ya adabu, na aliyeingia alijibu kimbuzi. Mambo kama yale huwezi kumweleza mtu wa nje akacheka kama mlivyocheka ninyi.

Shuleni nako nilikuwa na ufalme wangu. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu mfupi aliyevaa koti hata wakati wa jua la Januari, aliamini kuwa mtoto asiyeweza kusimama mbele ya watu akatetea neno lake hajaelimika, hata awe wa kwanza darasani. Kila juma alituwekea mdahalo. Alivua kofia yake, akatia vikaratasi, na kila msemaji alichota upande wake. Ukichota kuunga mkono, unaunga mkono; ukichota kupinga, unapinga; moyo wako unafikiri nini ilikuwa ni shauri lako. Alisema hoja haina mwenyewe. Alisema pia kwamba hoja isiyo na mfano ni mboga isiyo na chumvi, na hili alilisema mara nyingi kuliko salamu. Watoto wa kijijini, ambao nyumbani tulifunzwa kuinamisha macho mkubwa anapozungumza, tulipewa saa moja kwa juma ya kuinua vichwa na kusema "sikubaliani." Sijui kama unaelewa utamu wa neno lile kwa mtoto. Mimi lilinilewesha. Darasa zima lilinyamaza nikiinuka, na nilikipenda kimya kile kuliko chakula.

Basi ikafika siku ya wazazi. Madawati yalitolewa nje uwanjani, maturubai yakafungwa, mratibu wa elimu wa kata akawekewa kiti chenye kitambaa. Kabla ya ngoma na zawadi ulipangwa mdahalo wa darasa la saba. Nilichota bweni. Mtoto wa jirani yetu, yule yule mwenye mbuzi, alichota kutwa. Bibi alikaa benchi la mbele na wanawake wenzake, amevaa kanga mpya inayonukia duka bado, na Mjomba alikuwa amekuja kutoka mjini kwa ajili yangu, amekaa nyuma ya mratibu, miguu amekunja kama mtu wa serikali.

Nilianza vizuri lakini kwa ubaridi. Nilitaja muda wa kujisomea, nilitaja taa, nilitaja usalama wa njiani. Wazazi walikuwa wanapepea nzi. Kisha mtoto wa jirani akasimama, na yule hakuwa mjinga. Alisema mtoto wa kutwa anasoma huku anawasaidia wakubwa zake, akaninyooshea kidole: tazameni msemaji aliyetangulia, anaishi na bibi yake, anamchotea maji na kumtwangia, je, akienda bweni bibi yule atabaki na nani? Wanawake wa benchi la mbele wakapiga vigelegele. Nikaona ushindi unahama. Nilikuwa na nafasi ya kujibu, dakika chache. Nikamkumbuka mwalimu na chumvi yake.

Nikawaambia habari za mbuzi.

Niliisimulia vizuri, Mungu anisamehe. Niliinama kama Bibi anavyoinama juu ya jamvi, nikainua uso, nikasema kwa sauti yake, "Karibu ndani, mbona umesimama mlangoni?" Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mratibu alishika tumbo. Nikaongeza sindano ninayoitungia uzi, nikaongeza ndala ninazoburuza njiani, nikaongeza kwamba nikichelewa shuleni ni kwa kuwa kuna mtu ninayemtazamia njia. Kila nilipoongeza walicheka tena, nami kila walipocheka niliongeza. Mwisho nikasimama wima nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi si mwanafunzi wa kutwa. Mimi ni macho ya mtu." Hapo hawakucheka, walipiga makofi, wengine wakiwa wamesimama, na mwalimu wangu alivua kofia akaishika kifuani.

Nikwambie ukweli nilivyoujua wakati ule. Sikuona kuwa nimemtukana Bibi. Yule alikuwa mtani wangu, na mtani husemwa. Tulisemana asubuhi na jioni, na jirani akisikia anacheka. Kilichonipita ni kwamba utani una uwanja wake, na mdahalo una wake. Kwenye utani yule unayemsema yupo, na ana zamu yake ya kukujibu. Pale uwanjani palikuwa na mwenyekiti, katibu na mtunza muda, na Bibi hakupangiwa dakika hata moja. Tena nilianza kwa bismillahi. Yaliyosemwa pale, kwa wazee waliokaa pale, hayakuwa mzaha tena, yalikuwa maelezo.

Bibi alicheka pamoja na wengine. Nilimwona. Ila uso wake ulikuwa umeelekea kidogo pembeni ya mahali niliposimama, na kwa mara ya kwanza watu wote waliliona lile, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha kuliona. Nilimtazama Mjomba. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

Nilishinda, bila shaka. Nilipewa madaftari na kikombe cha plastiki chenye maua. Tulirudi nyumbani mimi na Bibi kwa njia yetu, na nilipoanza kuburuza ndala, yeye akaweka mkono wake begani kwangu mbele ya kila mtu aliyepita, akautuliza pale. Hakukuwa na cha kuficha tena. Nilisubiri anitanie. Nilitaka anitanie kuliko nilivyotaka kile kikombe chao. Tulipofika kwenye mkorosho wa mpakani alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Yule mbuzi alikuwa wetu wawili."

Mjomba hakugomba. Alimpeleka Bibi hospitali, na daktari akasema ni presha ya macho, kilichokwenda kimekwenda, tungewahi tungeokoa kidogo. Hapo ndipo ninaponasa kila nikilifikiria jambo hili. Nikisema nilikosea kuifichua siri, upande wa pili unasimama na kuniuliza, na kuificha je? Kama ningesema mapema, kwa mtu mmoja, kwa upole, pengine Bibi angebaki na jicho la kumwezesha kubaki kwake. Nilinyamaza palipohitaji neno, nikasema palipohitaji kunyamaza. Mlezi wa midahalo mimi, na mdahalo huu sijawahi kuumaliza.

Kabla ya Ramadhani Bibi alikuwa amehamishiwa mjini. Mikorosho aliachiwa jirani aiangalie, mlango ukafungwa kwa kufuli ambalo nyumba ile haikuwahi kulijua. Mimi Mjomba alinipeleka sekondari ya bweni, akisema kwa fahari kwamba mtoto ameliomba mwenyewe, tena mbele ya watu. Ningemjibu nini? Ningesema ilikuwa kura? Angeniona sijui ninachokitaka, baada ya makofi yote yale.

Likizo nilikwenda Lindi. Nyumba ya Mjomba ilikuwa nzuri, sakafu ya saruji, maji ya bomba, feni. Mke wa mjomba alikuwa mwema, na wema wake ndio ulioniumiza. Bibi alikalishwa barazani kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Asikaribie jiko, ataungua. Asitoke getini, kuna bodaboda. Uji aliletewa, maji ya kutawadha aliletewa, korosho zilizokaangwa tayari aliletewa kwenye kisahani. Vidole vyake vilikaa mapajani vikichambua pindo la kanga. Mwanamke aliyekuwa akienda kisimani peke yake sasa aliongozwa hadi chooni, kwa sababu nyumba ile hakuwahi kuisoma kwa miguu yake na hakuna aliyempa nafasi ya kuisoma. Macho yalimpungukia kijijini. Upofu wenyewe aliupata mjini. Na kingine: hakuniita mke mwenzangu tena. Aliniita mwanangu. Aliniuliza habari za masomo, akanikumbusha kuswali, akasema Mungu akubariki. Watu walisema angalia anavyompenda mjukuu wake. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kulia, kwa sababu nilikuwa nimeheshimiwa.

Nilipokuwa kidato cha nne nilijaribu kusafisha moyo. Nilikaa chini ya kiti chake, nikamwambia ile siku ya wazazi ilikuwa kura, Bibi, upande ule sikuuchagua mimi. Akasema, "Kura ilikupa bweni. Mimi ulinitoa nyumbani mwenyewe." Hakuwa na hasira. Alilisema kama mtu anayekuonyesha korosho mbovu iliyochanganyika na nzima. Kisha akanishika kichwa, akaanza kunipapasa nywele, na nikasikia sauti yake ya zamani imerudi. Alisema, mke mwenzangu, kesho Mjomba wako anaita kikao. Jirani anataka kuuziwa nyumba na shamba. Mimi nataka kurudi kwangu. Mama yako yupo, amekuja kwa ajili hiyo. Mimi nikisema wataniambia nimezeeka. Wewe unajua kusema. Nisemee.

Usiku ule nilizipanga hoja zangu kama nilivyofundishwa. Nyumba ile anaijua kwa miguu. Binti mkubwa wa jirani, mjane, alikuwa tayari kukaa naye. Korosho anazichambua kuliko mwenye macho. Hapa analishwa na anakwisha. Na mifano nilikuwa nayo, mifano tele.

Kikao kilikuwa barazani baada ya swala ya alasiri. Niliingia mwisho, ndala nimeziacha mlangoni, nikitoka jikoni na sinia la chai, nikaliweka chini na kukaa kwenye mkeka karibu na mlango bila kusema neno, kwa kuwa wakubwa walikuwa wamekwisha kuanza. Mjomba alizungumza kwa upole. Alisema anajua mama anakumbuka kwake, nani asiyekumbuka kwake, lakini tusidanganyane. Akasema, "Anayejua mama alivyokuwa akiishi kule ni mjukuu wake aliyekuwa akilala naye. Na alisema mwenyewe, tena mbele ya mkutano. Mama anamkaribisha mbuzi ndani akidhani ni mtu. Sasa mimi nimrudishe mama yangu kwa mbuzi?" Mkewe akacheka kidogo, akajizuia. Mama yangu aliinamisha kichwa. Mjomba akanitazama mimi, si kwa ubaya, kama mtu anayemshukuru shahidi wake.

Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Bibi aliugeuza uso wake upande huu, akaugeuza upande ule, akasubiri. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka magotini pake. Hoja zangu zote zilikuwepo. Lakini aliyekuwa mbele yangu alikuwa Mjomba, aliyenisomesha na aliyekwisha kuniahidi kunisomesha zaidi, na kwetu hakuna anayempinga mjomba kwenye kikao cha ukoo, labda kwenye mdahalo. Na zaidi ya hayo, maneno aliyoyatumia yalikuwa yangu. Ya wenzangu nilizoea kuyapinga. Ya kwangu sikujua niyashikie wapi. Niliinamisha macho kama nilivyolelewa. Mjomba akasema basi, tuombe dua.

Nyumba iliuzwa. Bibi aliishi mjini miaka michache, akafia na kuzikwa hukohuko, mbali na Babu aliyemtania maisha yake yote. Nilipopita kijijini mwaka jana, paa lilikuwa limekwisha kushuka na ukuta umerudi kuwa udongo, mikorosho mikongwe imekatwa na mipya imepandwa kwa mistari. Kisima kimefukiwa tangu walipoletewa bomba. Mwalimu wangu mwenye koti naye amekwisha kutangulia. Shule ina ukumbi sasa na kipaza sauti, na watoto wanajadili vizuri kuliko sisi. Sitakwambia mdahalo ni mbaya. Ndio uliofungua kinywa changu, ndio unaonilisha, na ningekuwa na mtoto ningempeleka asimame pale. Ninachokitafuta ni namna ya kuwafundisha kwamba mfano una mwenyewe hata kama hoja haina, nami sijaipata, ndiyo maana nagonga kengele ovyo kama mwendawazimu.

Na kuna jambo nimelivuka, rafiki yangu. Jioni ya kikao kile, watu walipotawanyika, nilimpelekea Bibi maji ya kutawadha. Alinitambua kwa mburuzo wa ndala zangu. Alinawa mikono taratibu, akaniuliza kama nilikuwepo kikaoni, maana alisikiliza sana na sauti yangu hakuisikia.

"Hapana, Bibi," nikamwambia. "Nilikuwa nje, naanua nguo."

Akatikisa kichwa, uso ukamlegea kwa faraja, akanishika mkono.

"Nilijua tu," akasema. "Ungekuwepo ungesema."